Treni Yangu ya Kingi

Siku ya kwanza ya juma, tarehe 1/6

Leo tena magurudumu. Ine, ya behewa ya mwisho ya treni yangu ndogo. Mti wa kalitusi, ule mukavu, nilipasua mwenyewe. Unachonga mviringo, kisha mudomo, ule ukingo unashika reli ili treni isitoke. Toka Sake mpaka Masisi hakuna fundi wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubeba mizigo, anaweza kuchonga mudomo mwembamba hivi na mti usipasuke. Mimi njo naweza. Reli ni chuma cha beto, ile nondo ya kujengea, nimepigilia juu ya mbao, inazunguka ndani ya nyumba ya kuku. Kuku nimefukuza. Moteri nilitoa mu radio ya kaseti iliyokufa.

Inatembea. Ila kwa kona inaanguka. Itaacha.

Siku ya tatu, tarehe 3/6

Nimekasirika. Mama Zawadi alileta maziwa asubuhi. Alizaliwa Kindu uyu mama, baba yake alikuwa mufanyakazi wa treni, akaolewa huku kwetu, sasa bwana amekufa na yeye anauza maziwa. Akainama, akaangalia treni yangu bila kuombwa. Akasema: "Papa Bahati, mudomo umeweka inje. Ya treni inakuwaka ndani."

Mimi! Mimi nilifanya kazi kwa treni Kindu nikiwa kijana. Kila muntu hapa Kingi anajua, nimewaambia wote. Nikamujibu: Mama, wewe uza maziwa. Akaenda.

Maziwa aliacha. Nimekunywa na hasira yangu.

Siku ya ine, tarehe 4/6

Padiri alipita. Anataka Siku ya Mungu nilete treni mu uwanja wa parokia, misa ikiisha, watu waone. Nilikubali mbele hajamaliza kusema.

Leo imeanguka mara sita. Nimepanua kona. Ikaanguka. Nimeweka mawe mu mabehewa, iwe nzito. Ikaanguka na mawe yake. Kosa haiko kwa magurudumu. Magurudumu nilichonga mimi.

Siku ya posho, tarehe 6/6

Kambale, ule wa Butembo mwenye duka, alileta chukudu yake nitengeneze. Akanichokoza mbele ya watu: "Muzee, kesho njo tutajua kama Kindu ulifika ao uliisikia tu!" Wakacheka wote. Wanacheka, na mikono yao iko juu ya chukudu niliyotengeneza mimi! Shukrani hakuna. Wakati tulikimbia vita upande wa Mubambiro, magodoro yao yalibebwa na chukudu ya nani? Kesho watanyamaza.

Mama Zawadi hakuleta maziwa. Chai kavu. Basi.

Siku ya Mungu, tarehe 7/6

Imeanguka.

Mbele ya parokia nzima. Kona ya kwanza. Nikarudisha, ikaanguka. Mara ya tatu kichwa kikapinduka, magurudumu juu, kama mende. Kambale akapaza sauti: "Treni za Kindu zinakuwaka zinalala hivyo?" Wamama wa kwaya walishika mbavu. Padiri aligeuka upande wa ukuta, lakini mabega yake niliyaona yanatikisika. Padiri!

Mama Zawadi alikuwa pale. Yeye hakucheka. Hiyo njo ilinichoma zaidi.

Wakati nabeba mbao narudi, nilisikia watu mu njia wanasema: muongo. Hakufika Kindu hata siku moja. Miaka yote hii nimesema Kindu, Kindu. Imevunjika kwa kona moja.

Siku ya kwanza, tarehe 8/6

Sikutoka. Nilitaka kupasua treni nipikie maharagi. Nilishika panga kabisa. Treni ilikuwa imelala mugongo, magurudumu yananiangalia.

Nitaandika hapa, kwani hakuna mwingine anasoma. Kindu nilifika. Si uongo. Lakini nilikuwa nabeba magunia kwa kituo, miezi tatu. Gunia liko kwa shingo, macho iko chini, unaona visigino vya mwenzako tu. Treni niliiona toka juu, kwa upande. Chini yake sikuinama hata siku moja. Nani anainama na gunia? Baba ya Mama Zawadi njo alikuwa anapaka magurudumu mafuta, analala kabisa chini ya behewa. Mama Zawadi, akiwa mutoto, alikuwa anamupelekea chakula, anamuchungulia. Alinielezea zamani. Sikusikiliza.

Nimegonga ekseli zote. Nimetoa magurudumu, nimegeuza, mudomo ndani. Si kwa sababu yeye alisema. Nilitaka tu kuona.

Imepita kona ya kwanza. Ya pili. Imezunguka mpaka betri ikachoka.

Hasira haijaisha. Ningegundua mwenyewe. Waliniharakisha, njo shida. Kambale nitamuita aone. Si leo.

Siku ya tatu, tarehe 10/6

Mama Zawadi amekuja na maziwa. Sikumuita. Treni ilikuwa inazunguka, mimi nikajifanya napima ubao. Akaweka bidoni ya maziwa chini, akachuchumaa kwa mulango wa nyumba ya kuku. Magurudumu aliyaona, macho yake haina shida. Akafunga macho, akasikiliza muda murefu.

Kisha akasema: "Papa, hii iko kimya sana. Ile ya kwetu reli zilikuwa zinaachana kidogo. Taka-taka, taka-taka. Tulikuwa tunasikia toka jikoni, tunajua baba anarudi."

Tena kosa! Kila siku kosa! Nikamuambia reli yangu imeungana safi, unywele haupiti, hiyo njo ufundi. Akasema ni kweli, ni ufundi. Akanimiminia maziwa, akachukua bidoni yake, akaenda.

Nimekaa. Maziwa yakapoa mu kikombe.

Nimechukua musumeno wa chuma. Nimekata reli fasi kumi na mbili, kila fasi upana wa ukucha. Reli nzuri ile. Nimewasha.

Taka-taka. Taka-taka.

Kesho asubuhi atapita tena. Mulango nitaacha wazi.