Kombora la Miguu Minne

Mshauri wangu, salamu nyingi, nakuandikia nikiwa nimejifungia kwenye stoo ya mafaili kazini na roho iko juu juu, kwa hiyo mwandiko ukikushinda nivumilie. Mimi ni mtu mzima, nina mke na watoto watatu, na kwa miaka kumi na tisa nimekuwa mwandishi wa nyaraka za zabuni katika ofisi inayolinunulia jeshi vifaa, tangu soksi mpaka mabati. Mwaka huu tukatengewa fedha za makombora ya kupiga vifaru vya vita, lakini taarifa ikatufikia zimebaki siku nne mwaka wa bajeti ufungwe, na fedha ambazo hazijatangaziwa zabuni zinarudi hazina, basi mkuu wangu akaja mezani kwangu akaniambia, "Nataka nyaraka kesho asubuhi, sitaki maelezo." Sasa mshauri, mimi kombora nimeliona kwenye televisheni tu, nikafanya tunavyofanya wote pale ofisini, nikachukua zabuni ya zamani iliyopita bila doa, nikaiamuru kompyuta ibadilishe jina la kifaa kila lilipo, nikapiga mhuri, nikaenda kula.

Zabuni yenyewe ilikuwa ya majiko ya gesi ya jikoni kambini.

Nilikuja kugundua wiki mbili baadaye, ilipoingia barua ya kampuni moja ikiuliza kwa adabu kabisa kama ni kweli tunataka kombora liwe na miguu minne ya chuma isiyoteleza kwenye sakafu yenye mafuta, na lioshwe kwa sabuni na maji ya moto, na mimi jasho likanitoka mpaka kwenye magoti, nikaona nikikiri nitachekwa hadi nistaafu, nikajibu, "Ndiyo. Zingatieni vigezo." Wakazingatia! Wakaleta kombora la mfano lina miguu minne, linang'aa, kampuni nyingine mbili zikaondolewa kwa kukosa miguu, na mwenyekiti wa kamati ya zabuni, kanali mstaafu asiyecheka hata akitekenywa, akapiga meza akasema, "Hatimaye kuna mtu kafikiria uthabiti!" Nikapigiwa makofi mshauri, wakaniita Mtaalamu, na sasa jina langu limepelekwa juu nipandishwe cheo.

Ningeweza kuishi na aibu hiyo, lakini shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ni askari wa kikosi cha kupiga vifaru kitakachopewa makombora hayo, na Jumapili alikuja kula kwetu bega limechubuka. Anasema wamelijaribu, linabebwa na watu wanne, na kabla ya kufyatua lazima miguu ifungwe nati kumi na sita, "na afande anapiga kelele kifaru kinakuja, sisi tumeinama kwenye nyasi tunatafuta spana." Waliandika ripoti, wakajibiwa watazoea. Mke wangu akaweka kijiko chini akasema, "Huyo mjinga aliyetaka miguu ningempata mimi! Baba watoto, wewe si uko ofisi hiyo, humjui?" Nikasema, "Nitauliza." Nikaomba maji.

Mkataba unasainiwa Ijumaa ya wiki ijayo. Nikisema, cheo kimekwenda, pengine na kazi, na fedha zinarudi hazina na lawama yote ni yangu. Nikinyamaza, kijana yule ninayempenda kama mdogo wangu wa damu atatumwa mbele ya kifaru akiwa na spana mkononi. Usingizi sina, chakula hakipiti, nifanye nini?

Ni mimi,
Mtaalamu

*

Wewe Mtaalamu, nimecheka mpaka mhariri akaja kuuliza kuna nini, halafu nilipofika kwa huyo shemeji yako kicheko kikakauka. Pole. Sasa nisikilize, maana pole imeishia hapo.

Kunakili nyaraka nakusamehe. Mliharakishwa, mkuu wako hakutaka maelezo, na ofisi inayonunua silaha bila kumwita hata askari mmoja aulizwe anataka nini ina makosa makubwa kuliko yako. Lakini kampuni ilikuandikia. Ilikuuliza! Ulipewa mlango wazi kabisa wa kutokea, wewe ukaufunga kwa mikono yako miwili ukajibu "zingatieni vigezo." Vigezo gani, bwana, vya kukaangia mayai? Hapo hukukosea, hapo ulidanganya, na tangu siku hiyo kila kofi ulilopigiwa ni la uongo.

Unaniambia fedha zitarudi hazina. Zirudi! Fedha zinaombwa tena mwaka ujao, kwa fomu zile zile unazozijua kuliko mimi. Shemeji yako haombwi tena. Na usinililie habari ya cheo, mtu mzima wewe, wakati mwenzako amekaa mezani kwako na bega limechubuka kwa ajili yako, na wewe unaomba maji.

Fanya hivi. Toa faili la majiko, toa faili la makombora, chukua kalamu nyekundu upigie mstari kila kifungu kinachofanana. Andika ukurasa mmoja tu: nilinakili, niliulizwa, nilijibu uongo, naomba zabuni ifutwe na safari hii askari wa kikosi wakae kwenye kamati. Usiitaje kompyuta, haikujiamuru yenyewe. Mpelekee kanali mkononi, usimwachie katibu, na usikae mpaka akuambie ukae. Atafoka. Mwache afoke, naye aliisifia ile miguu na anajua hivyo. Ukitoka hapo nenda nyumbani moja kwa moja ukamwambie mkeo kwa mdomo wako kwamba yule mjinga ni wewe. Atakasirika, na ana haki, lakini mdogo wake atakuwa hai wakati anakasirika.

Tena usiseme utajipa siku mbili za kutafakari. Umenificha jina lako, la ofisi na la mkuu wako, ukadhani umejificha. Sasa niambie, ni makombora mangapi duniani yana miguu minne? Gazeti hili limetoka leo alfajiri, na kanali mstaafu ni mtu wa kuamka mapema. Kimbia.