Tableti ya Neema Imekataa Kuwaka

Dada Kadzo,

Sijui aliyelala huamkiwa vipi. Ungekuwa hai ningekupa shikamoo, nawe ungenicheka kwanza kwa kuwa tumepishana miaka michache tu, kisha ungeipokea kwa raha zako zote. Basi shikamoo. Mimi mzima. Neema mzima, amerefuka hadi sare ya shule inamwonyesha magoti. Lakini nimeshika kalamu kwa sababu naogopa, na hofu yenyewe sina wa kumwambia isipokuwa wewe.

Tableti yako ilikataa kuwaka.

Ile uliyomrekodia mwanao ukiwa wodini. Ulinishika mkono ukaniambia, "Nimemwekea Neema maneno yake humu. Akinililia, mfungulie." Ulikuwa umechoka, hata kusema kulikuwa kazi. Sikukuuliza ni maneno gani, wala kama umeyaweka na mahali pengine. Hukuyaweka. Tableti haikuwa na laini, wewe ukiitumia kuwaimbishia watoto wa chekechea herufi zao. Yote uliyomwachia mwanao yamo nyuma ya kioo kile cheusi, na hakuna pengine popote.

Tulipokwisha kukuzika Kaloleni, Shangazi Dama alikusanya vitu vyako vyote, kanga, viatu, Biblia, hata kitana, akavitia kwenye sanduku la bati akapiga kufuli. Ufunguo akaufunga kwenye pindo la leso yake. Unamjua. Vitu vya marehemu haviguswi mpaka matanga ya mwisho, na matanga ya mwisho hayafanywi mpaka watu wavune, wapate cha kuwalisha wageni. Nilimwomba tableti peke yake. Aliniangalia kana kwamba nimetukana kanisani. "Subira huvuta heri, mwanangu," akasema. Safari hii subira ilivuta njaa. Hakuna hata mmoja wetu pale aliyejua kwamba betri ikikaa tupu miezi na miezi huenda isirudi tena. Kwetu, kitu kilichofungiwa ni kitu kilichotunzwa.

Na mimi, kwa kutaka kumbembeleza mtoto, nilikuwa nimemwambia kwamba mama amemwachia maneno, tutayasikia sanduku likifunguliwa. Akangoja. Huku kwetu Magongo aliwatangazia watoto wote wa ploti kwamba mama yake atazungumza mahindi yakivunwa.

Mahindi yakavunwa. Sanduku likafunguliwa, kanga zikagawanywa, binamu zetu wakalia na kuchagua, wakachagua na kulia. Tableti nikapewa mimi, inanuka dawa ya nondo. Tuliporudi hapa hata chai sikupika. Niliichomeka kwa chaja ya simu yangu ndogo, ile ya mulika mwizi yenye tochi, Neema akaketi mbele yake na mikono katikati ya magoti. Hakuna taa, hakuna mtetemo, hakuna kitu. Nikabonyeza kitufe mpaka kidole kikauma. Nikamwambia imelala. Akaniuliza italala mpaka lini, nikainuka kwenda kupika ile chai.

Tangu siku hiyo nimekuwa mwoga, dada. Asubuhi akifungua macho naogopa atauliza. Akinyamaza naogopa zaidi, labda amekata tamaa. Tena kuna jingine linalonitisha, wacha niliseme: sauti yako imeanza kunitoka. Maneno yako ninayo, hata matusi yako ya jikoni ninayo, lakini nikitaka kuyasikia huja kwa sauti yangu mimi. Kama mimi mtu mzima nimeanza kuipoteza, yeye mtoto wa chekechea atabakiwa na nini?

Mama Brayo, jirani yetu yule wa kutoka bara, alisema, "Iweke kwa mchele, itavuta maji yote." Nikamwambia haikuingia maji. "Wewe weka tu, mchele haukatai kazi." Nikaiweka. Mwenye hofu hana ujuaji. Haikuwaka, na mchele tulipoupika ulinuka ile dawa ya nondo mpaka Neema akasema tunakula kabati.

Ndipo nikaipeleka kwa fundi barabarani. Kijana mpole, mwenyeji wa hapa hapa. Akaigeuza, akaichomeka kwake, akaitikisa kidogo. "Hii ya kuflash tu dada. Wallahi itawaka kama mpya." Nikamuuliza, na vilivyomo ndani? "Vya ndani vitafutika vyote, lakini itawaka." Alisema kwa furaha, kama mtu anayekupa habari njema. Niliinyakua mikononi mwake, Kadzo, mbele ya wateja wake. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na mimi tangu wewe uondoke kila neno la kufutika ni nyoka kwangu. Alishangaa, lakini hakukasirika. Nikiwa nageuka aliniita. "Basi jaribu chaja yenye nguvu kwanza. Chaja ya kisimu haiwezi kuiamsha, ilivyokauka. Na usafishe hapo pa kuchomekea. Iache ikae, hata kama haionyeshi kitu. Kisha ubonyeze kitufe ukishikilie, usikiachie."

Mume wa Mama Brayo ni dereva wa lori, chaja yake ni kubwa kama sabuni ya kipande. Jumamosi asubuhi akiwa hana safari nikaiazima. Nikachukua kijiti cha meno, nikachokoa pale pa kuchomekea taratibu, nikatoa nyuzi za kanga yako na unga mweupe wa dawa ya nondo, uchafu mwingi kuliko nilivyodhani. Nikachomeka. Kimya.

Nikaiacha, lakini sikuondoka. Nilivuta kigoda karibu na swichi nikakaa, kiganja juu ya tableti kama unavyompima mtoto homa. Baadaye ikaanza kupata joto. Sikujua ni uhai au ni moto. Tumesikia mengi ya betri kulipuka, nami nilishaona chumba chote kinawaka, na sauti yako imo ndani. Nikamwambia Neema atoke nje akaruke kamba na wenzake, mbali na dirisha. Nikasali. Nikaomba stima isipotee. Nikaomba Mungu, kama ni kuwaka iwake, kama ni kufa ife upesi nijue moja.

Jua lilipokuwa utosini kioo kikatoa mwanga hafifu, picha ya betri tupu yenye mstari mwekundu. Niliziba mdomo kwa mkono. Sikumwita Neema. Nilikuwa naogopa matumaini kuliko nilivyoogopa giza. Nikaiacha inywe, inywe sana, kisha nikashikilia kitufe kama nilivyoambiwa. Ikatetemeka mkononi mwangu. Ikawaka.

Video zako zilikuwa zimejipanga, na katika kila moja uso wako mdogo, umefunga kilemba cha buluu. Nilitaka kuhakikisha tu. Nisikie neno moja, nijue inasema, ndipo nimwite mtoto nimkalishe vizuri. Sikukumbuka kwamba wewe wa kuimbisha darasa zima huwa unaiacha sauti juu kabisa. Nikagusa ya kwanza.

"Neema! We Neema!"

Na kutoka nje nikasikia, "Abee, mama!"

Mtoto aliingia mbio, kamba bado mkononi, akanipita mimi, akaipita tableti. Akaangalia kitandani. Akafunua pazia. Akaangalia nyuma ya mlango. Wewe ulikuwa unaendelea kusema mikononi mwangu, unacheka hata, naye hakugeuka, kwa sababu maisha yake yote hajawahi kukutafuta ndani ya kitu. Yale maneno ya kwenye tableti aliyoyangojea tangu shamba lilimwe, yote aliyasahau. Mama kaita, mtoto kaitika. Alitoka kwa mlango wa nyuma mpaka kwenye kamba za nguo, nikamsikia, "Abee! Niko hapa!"

Niliizima. Aliporudi alikuwa anatembea polepole. Alisimama mlangoni akaniuliza, "Nimechelewa?"

Muda wote ule niliogopa isije ikakataa kuwaka. Hakuna aliyeniambia niogope na hili.

Nilimpakata mpaka jasho letu likawa moja. Nikamwambia hakuchelewa hata kidogo. Nikamwambia na yale ambayo tulimficha pale Kaloleni kwa maneno ya kuzunguka, kwamba umekufa, hurudi, na kwamba sauti uliiacha wewe mwenyewe kwa kumpenda. Alilia, nami nikalia, Mama Brayo akaja na uji akaondoka bila kusema neno, na unajua yeye kunyamaza ni kazi kubwa.

Video hizo sasa zimenakiliwa, ziko kwa Mama Brayo, ziko na kwa kaka yetu kule Mtongwe, hazitafungiwa sandukuni tena. Lakini bado hatujazisikiliza. Naiogopa tableti, sikufichi. Naogopa kila utakapomwita atainuka.

Nakuahidi hivi, dada. Nitamfungulia, kama ulivyoniagiza, ila atakuwa amekaa mapajani mwangu, ameishika kwa mikono yake miwili, aione midomo yako kabla sauti haijatoka. Na akitaka kuitika, nitamwacha aitike.

Kwaheri, Kadzo. Lala bila wasiwasi juu ya mwanao. Uliita mara moja tu, akaja mbio.

Mdogo wako,
Mapenzi