Chupa za Safu ya Dirishani

Mtaa wa Ridina,
N'Djamena.
9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu Yagana,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. U hali gani, na vumbi la Abéché linakutendeaje? Kile kikohozi kimekwisha? Wanafunzi wako wanakusikiliza sasa, au bado wanacheka matamshi yako ya Kanem? Sisi huku ni wazima, ila joto limeanza mapema na mama yako mkubwa ameshahamishia mkeka wake uani.

Kabla hujaendelea, tazama uzi. Barua hii imefungwa kwa uzi mwekundu, mafundo matatu. Anakuletea Bintu, mke wa mjomba, na Bintu unamjua. Ukikuta mafundo mawili, ujue ameshaisoma.

Nakuandikia kuhusu Boukar. Mwezi wa kwanza nilikuambia kwamba mtu huyo ni mwizi, na wewe kwa kuniamini ukawarudishia watu wake njugu za kola walizoleta kukuposa. Sasa keti, unisikilize hadi mwisho, na usinitukane kabla hujafika huko.

Unajua kwamba dimbwi la bibi limekauka kabisa. Dihé yake, ule ukijani wa majini tunaoukausha na kuula, iliyobaki duniani ni ile niliyoichota kwenye kibuyu mwaka juzi na kuileta maabara. Dokta Ngarbaye anaiita sianobakteria, na anaitaka ikue kwenye chupa, chini ya taa, na pampu ndogo ikiipulizia hewa mchana kutwa. Nilikubali kwa sababu mbegu ikifa humo, hakuna mahali pengine pa kuichota.

Tangu siku ya kwanza sikupenda kuona Boukar amepangwa nami katika chumba kile. Kwetu mwanamume haingii katika maji ya dihé, akiingia maji yatakuwa tasa, na yeye ni mtu wa kwetu, analijua hilo, lakini alivaa glavu na kutia mikono bila hata kuona haya. Nilijiambia mimi ni msomi, siamini mambo hayo. Yagana, niliyaamini.

Basi Desemba chupa zangu zikaanza kufa. Leo kijani, keshokutwa rangi ya chai, wiki ijayo povu linalonuka. Nane zilikufa. Na chupa zake, safu ya dirishani, zikazidi kunawiri. Maji yale yale nimeyachanganya mimi, chumvi zile zile nimezipima mimi, na mashine ya kupimia ukali wa magadi ilisoma kumi kila asubuhi, kama inavyotakiwa. Ungefikiri nini? Mimi nilifikiri anachota mbegu yangu iliyo hai na kuniachia iliyokufa.

Halafu akawa ananijia na maneno ya chini chini, kwamba maji yamepoa, hayana ukali wa magadi, kwamba labda mashine imechoka, tuombe nyingine. Nikaona hapo hapo anataka nionekane sijui kazi ili meza iwe yake. Nikaenda kwa Dokta. Boukar akatolewa chumbani, akapelekwa mlangoni kupokea sampuli za maji ya visima. Hakujitetea hata kwa neno moja, na hilo ndilo lililonipa hakika. Jioni ile nikakuandikia wewe.

Lakini safu ya dirishani ikaendelea kunawiri bila yeye. Nikaanza kuona chembe nyeupe kwenye shingo za chupa. Nikasema ana ufunguo wa pili. Nikapaka unga kizingitini, nikabandika unywele wangu juu ya pamba za kuzibia chupa. Unywele ukakatika, na nyayo juu ya unga zilikuwa ndogo. Nikasema amemtuma mtu.

Ijumaa iliyopita, wanaume walipokwenda msikitini, nilijibanza nyuma ya jokofu kama kuku anayeatamia. Aliyeingia ni Bibi Achta, yule mama wa kutoka Bol, kule ziwani, anayetufagilia. Akaweka ufagio chini. Akazibua chupa ya dirishani, akachovya ncha ya kidole, akaonja, akakunja uso. Kisha akafungua fundo la kanga yake, akatoa kipande cha magadi, akakisaga kwa kucha na kukinyunyiza humo.

Nilipotokeza hakushtuka hata kidogo. Alinitazama kama mtu aliyechoka kunisubiri.

"Maji haya yamepoa kama ya mtungi," alisema. "Dihé gani itakaa humu? Bibi yako alikuwa haweki kibuyu majini kabla ya kuonja. Wewe huonji?"

Nikamwambia tuna mashine. Nikamuuliza mbona hakuniambia.

"Nilimwambia Boukar. Akasema amekuambia mara tatu, hutaki. Basi akaniruhusu nizitazame zake tu. Zako akasema ni amana ya bibi yenu, nisiziguse bila idhini yako."

Nikachovya kidole, nikaonja. Maji yalikuwa baridi ulimini, matamu. Nikatazama mashine, nayo inasoma kumi. Nikaichovya kwenye maji ya bomba, ikasoma kumi.

Unaelewa sasa kwa nini alinyamaza mbele ya Dokta. Angejitetea, Bibi Achta angefukuzwa kazi siku ile ile. Nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe. Jumatatu nilimweleza Dokta yote, nikaomba Bibi Achta asiguswe, akakubali, tena sasa anamwita kuonja kabla yetu. Mbegu ya bibi nimeitoa upya kwenye safu ya dirishani. Hakuna nyingine.

Kisha nikamfuata Boukar mlangoni. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Alisema mambo ya chupa yamekwisha, akaniuliza swali moja tu.

"Ulimwandikia Yagana?"

Nikasema ndiyo. Akapanga chupa zake za visima, kisha akasema, "Basi mwandikie tena."

Nimekuandikia. Sikuombi umkubali, hilo ni lako. Naomba tu usimkatae kwa maneno yangu.

Humu nimekuwekea kipande cha dihé, cha kwanza kukaushwa kutoka kwenye zile chupa zake. Kionje kabla hujaamua lolote.

Nisalimie mama mdogo Zara, na Hawa na wanawe. Mama yako mkubwa anakuombea Mungu akufungulie pale nilipokufungia mimi.

Mimi dada yako akupendaye, ingawa sasa una haki ya kulishuku hata hilo,

Fanne Mbodou

Tena: fundo la tatu la uzi amelifunga Boukar, kwa mkono wake. Barua hakuisoma. Nilimpa, akakataa. Kama fundo hilo limefunguliwa, ni Bintu.