Serikali Mbili, Kihenge Kimoja

Tabor Creek,
29 Novemba 1984

Mdogo wangu Emil,

Nakusalimu wewe, wifi Darlene, na huo mgongo wako ambao nasikia bado unalalamika kila ukipanda ngazi. Mimi mzima, isipokuwa magoti. Ng'ombe wazima. Umepiga simu mara sita na mara sita nimekata, kwa hiyo usijidanganye kwamba laini ni mbovu. Masikio yangu hayakutaki kwa sasa. Macho yataweza kukuvumilia, basi andika.

Gazeti la wilaya linasema mkaguzi wa jimbo, E. Kovarik, alipanda kihenge cha tatu pale ghalani kwa Lambert Hruska siku ya Alhamisi, tarehe 15. Akachoma fimbo yake ya kupimia, na chini ya mahindi ya kina cha mkono mmoja akakuta mbao. Lambert alikuwa amejenga sakafu juu huko, akaifunika kwa mahindi kidogo ili mkipita mwone kimejaa. Chini ya sakafu ni hewa. Vihenge viwili vya mwanzo vina mahindi, cha tatu kina aibu ya Lambert.

Alhamisi, Emil. Na Jumapili ulikuja kwangu. Nilikuokea bata, nikakupikia madonge ya unga na kabichi kama alivyopika mama, ukaomba kuongezewa. Nikakwambia, umekaa pale penye kiti cha marehemu mume wangu Ernest, kwamba kesho asubuhi napeleka kwa Lambert malori mawili ya mwisho na mavuno yote yatakuwa yamekwisha kuingia. Ukasema nini? Ukasema kabichi imekolea.

Jumatatu saa moja asubuhi nilimwaga mahindi yangu. Saa tatu wakaja watu wa idara yako na kufuli na lakiri.

Ulijua au hukujua? Sitaki maelezo ya sheria. Neno moja tu.

Dada yako,
Libuse


Lincoln,
4 Desemba 1984

Dada mpendwa,

Pokea salamu zetu. Darlene anayaombea magoti yako. Mimi silali vizuri, lakini najua si hilo uliloniuliza.

Nilijua.

Sasa nivumilie. Tabor Creek si eneo langu. Mwenzangu alilazwa, akafanyiwa upasuaji, wakanituma mimi. Nilipogusa mbao zile nilidhani fimbo imekatika. Nilishuka, nikapiga simu makao makuu Lincoln, wakaniambia nikae palepale hotelini, nisiseme na mtu hadi mkurugenzi asaini amri Jumatatu. Ungesikia wewe Jumapili, ungemwambia Adolf Sedlak kwa sababu ni jirani yako. Adolf angemwambia shemeji yake. Kufikia jioni kungekuwa na malori thelathini mlangoni kwa Lambert, na wenye malori makubwa wangebeba mahindi ya wasio na malori. Kuna familia arobaini mle, dada. Yaliyobaki yangeishia kwa wenye mbio.

Kuhusu kuja kula: ulinialika. Nilitafuta sababu ya kukataa, sikuipata.

Habari njema ni kwamba sheria ya jimbo iko upande wenu. Mahindi yaliyobaki ni ya walioyaleta, si ya Lambert wala si ya benki. Idara itayauza na kuwagawia kila mmoja kwa kadiri ya alicholeta. Mkurugenzi anasema kabla ya Krismasi. Tunza tiketi zako za mizani zote.

Mdogo wako,
Emil


Tabor Creek,
10 Januari 1985

Mdogo wangu,

Heri ya mwaka, ingawa sijui ni heri ya nani. Hapa kuna baridi ya kupasua ndoo. Nashukuru kwa soksi, mwambie wifi zimenitosha.

Krismasi ya mkurugenzi wako iko mwezi gani? Siku ya pili tu baada ya ninyi kufunga, Lambert aliendesha gari hadi mahakama ya ufilisi ya shirikisho akajitangaza mufilisi. Wiki iliyofuata akaja ofisa wa mahakama, mwenye nyota kifuani, akatundika kufuli lake chini ya kufuli lenu. Sasa mlango mmoja una makufuli mawili. Watu wa jimbo hawana ufunguo wa la mahakama, watu wa mahakama hawana ufunguo wa la jimbo. Nilimwuliza yule wa nyota mahindi yangu yako upande wa kufuli gani. Akaniambia, "Mama, hilo ndilo wanalogombania." Alisema kwa upole. Upole wao ndio unaonitia wazimu.

Nimesoma magazeti yote na nimemaliza vitabu vya sheria vya maktaba ya wilaya, viwili. Nimeelewa hivi. Jimbo linasema mahindi ni yetu. Jaji anasema kila kilichokuwa kwa mufilisi siku alipofilisika kiko mikononi mwake, na asiguse mtu hadi aamue. Na benki inasema mahindi ni yake, kwa sababu Lambert aliyaweka rehani kwa mkopo wake. Aliyaweka rehani mahindi yangu! Na ni benki ileile, Emil, inayoshikilia hati ya shamba langu. Inachukua mahindi yangu kwa deni la Lambert, halafu tarehe mosi Machi itachukua shamba kwa deni langu, kwa kuwa sina mahindi. Inanila kwa mikono miwili, na serikali mbili zinashindana nani aishikie sahani.

Jambo jingine. Feni za kupuliza hewa vihengeni zimezimwa. Nani alipe umeme? Jimbo linasema mfilisi aliyeteuliwa na mahakama kusimamia mali ya Lambert. Mfilisi anasema jimbo. Unakumbuka tulivuna na mvua. Mahindi yale yaliingia na unyevu. Kwenye baridi hii yatalala. Ikija siku moja ya jua yataanza kuchemka.

Nina siku hamsini. Fanya kitu.

Dada yako,
Libuse


Lincoln,
16 Januari 1985

Dada,

Natumaini barua hii inakukuta salama. Sisi tupo.

Nilipeleka habari ya feni kwa mkurugenzi mwenyewe. Alituma fundi awashe. Mwanasheria wa mfilisi akamshtaki kwamba ameingilia mali ya mahakama, na jaji akasema mtu mwingine wa jimbo akigusa swichi ile atalala jela, hata akiwa mkurugenzi. Kwa hiyo feni zimezimwa kwa amri. Sijawahi kuona wazee wenye shahada wakinuniana hivi. Mkurugenzi anasema hatatoa kufuli kwa sababu akilitoa atakuwa amekubali kwamba sheria ya jimbo haina maana. Jaji naye hatatoa lake kwa sababu hiyohiyo.

Sasa niulize kwa aibu. Je, ulichukua stakabadhi za ghala kwa mahindi yako, au una tiketi za mizani tu? Benki inamwambia jaji kwamba tiketi ni karatasi ya uzito, haionyeshi mwenye mali. Inataka stakabadhi zihesabiwe, tiketi zitupwe. Kati ya familia arobaini nimekuta tatu zenye stakabadhi.

Najua jibu lako. Hakuna mtu Tabor Creek aliyewahi kumwomba Lambert stakabadhi. Ungeomba, kaunta nzima ingenyamaza, kana kwamba umemwita mwizi mbele ya kahawa yake. Miaka kumi na minne nimekuwa mkaguzi, nilijua kwa sheria karatasi ipi ina nguvu, na hata mimi sikukwambia uombe. Lambert alikuwa msimamizi wa harusi yenu.

Mdogo wako,
Emil


Tabor Creek,
9 Februari 1985

Emil,

Natumaini u mzima. Nina tiketi kumi na moja, stakabadhi sina hata moja. Tuliacha hilo.

Jua limetoka siku tatu mfululizo. Leo asubuhi nilifungua mlango wa jikoni nikasikia harufu, tamu kama ya pombe inayochachuka. Ni maili moja na nusu kutoka kwa Lambert. Nilikwenda na Adolf. Mvuke unatoka juu ya kihenge cha kwanza. Adolf ana miaka sabini na moja, alivua kofia kama yuko mazikoni, akasema, "Wanayapika, Libuse." Askari kijana wa zamu akatuomba tusisogee. Nikamwuliza kama alipewa bunduki kuyalinda mahindi yetu tusiyaibe sisi wenyewe. Akacheka, kisha akaona sicheki.

Sasa sikiliza vizuri. Jana alikuja Pruett, mwanasheria wa benki. Alivua viatu mlangoni, mtu mwenye adabu. Akaketi, akatoa karatasi iliyokwisha kupigwa chapa. Inasema hivi: kwamba Jumapili tarehe 18 Novemba ndugu yangu, mkaguzi wa jimbo, alinidokeza kuwa ghala litafungwa. Basi. Mistari minne na nafasi ya saini.

Nikamwambia hukunidokeza; ningejua nisingemwaga mahindi yangu kesho yake. Akasema, "Utasema hukuamini. Ulikuwa naye mezani kwa saa tatu, mama. Hakuna atakayeshangaa." Nikisaini, benki inaniongezea mwaka mzima kwenye shamba. Mwaka, Emil, kwa maandishi. Nisiposaini, mosi Machi.

Nilimwuliza wanafaidika nini. Hakuficha. Wakimthibitishia jaji kwamba jimbo liliwapendelea ndugu wa mkaguzi wake, hesabu zenu zote zitatiliwa shaka, jimbo litaondolewa katika kesi, na benki itakuwa ya kwanza kwenye foleni. Wewe utashtakiwa.

Kesi inasikilizwa tarehe 25. Karatasi iko chini ya chupa ya siki. Sikuichana. Nataka ujue kwamba sikuichana.

Dada yako,
Libuse


Lincoln,
12 Februari 1985

Dada yangu,

Sina nafasi ya salamu, nisamehe.

Saini.

Nimefikiri siku nzima, sijamwambia Darlene. Wakiniuliza mahakamani sitakukana. Nitasema ndiyo, nilimdokeza. Nitafukuzwa, labda nifungwe miezi kadhaa. Mimi nina umri wa kuanza upya, nawe huna. Shamba hilo Ernest alikufa akilifanyia kazi. Nilikunyima neno moja Novemba, nikupe hili sasa.

Saini, dada, kabla ya tarehe 25.

Mdogo wako,
Emil


Tabor Creek,
3 Machi 1985

Mdogo wangu Emil,

Natumaini mgongo umepata nafuu baada ya kukaa kwenye lile benchi la mahakama. Nilikuona. Nilijua unanitazama, ndiyo maana sikugeuka.

Ulisikia mwenyewe, lakini nataka niyaandike, maana ukiwa umeinamisha kichwa vile sijui ulisikia nini. Pruett aliniuliza mlizungumza nini siku ile mezani. Nikamwambia: "Tulizungumza kabichi." Akasema nimeapa. Nikasema ndiyo maana. Akauliza, unataka mahakama iamini mkaguzi wa jimbo alijua yote, akakaa na dada yake mjane kwa saa tatu, akamwacha apeleke mahindi yake kesho yake, asimwambie neno? Nikasema, "Bwana, mimi mwenyewe nilichukua miezi mitatu kuliamini." Watu wakacheka. Jaji hakucheka, aliandika.

Sasa nikwambie kuhusu barua yako. Niliisoma nikiwa nimesimama, na nilikasirika kuliko siku ya gazeti. Novemba ulinyamaza kwa sababu ya familia arobaini. Ulinifundisha hesabu hiyo, nikaitukana, nikalala nayo, nikaikubali. Halafu Februari unaniambia nisaini karatasi inayowatupa haohao arobaini chini ya benki, kwa sababu umeanza kunionea huruma. Walikuwa watu Novemba, Februari wamekuwa nini? Ungeniomba nimwuze Adolf kwa mwaka mmoja wa shamba, halafu mwaka ukiisha nimwuze nani?

Kuna usiku mmoja kalamu ilikuwa mkononi. Sitakudanganya kwamba haikuwa.

Juzi, tarehe mosi, watu wa benki walikuja saa nne asubuhi, wakati uleule walioandika. Ng'ombe walikwenda kwanza. Nimepanga vyumba viwili mjini, juu ya duka la viatu, anwani nimeiandika nyuma ya bahasha. Jaji hajaamua bado. Anasema anahitaji muda.

Dada yako,
Libuse


Lincoln,
22 Aprili 1985

Dada mpendwa,

Hujambo huko juu ya duka? Darlene anauliza kama kuna joto la kutosha.

Nimekuandikia mara mbili bila jibu, lakini hii lazima uipate. Jaji ameamua. Tiketi za mizani zinatosha. Mahindi ni ya walioyaleta, benki haina haki juu yake. Ameandika kwamba hesabu za jimbo anaziamini, na ametaja ushahidi wako, ukurasa mzima. Wanasheria wetu wameukunja ukurasa huo, wanasomeana.

Makufuli yametolewa yote mawili siku moja. Nilikuwepo. Kihenge cha kwanza kimeshikana kuwa gogo moja jeusi, tulilivunja kwa sururu. Cha pili nusu yake inafaa kwa chakula cha nguruwe. Kila mmoja wenu atapata kama senti kumi na tisa kwa kila dola ya alicholeta. Mkurugenzi ameita waandishi wa habari, amesema ni ushindi wa jimbo. Nasikia upande wa mfilisi nao wanasema mahakama imeheshimiwa.

Wamenipandisha cheo. Sijui nifanye nini nacho.

Naomba nije Jumapili. Sitasema kitu usichotaka kusikia. Nataka kukaa tu.

Mdogo wako,
Emil


Tabor Creek,
30 Aprili 1985

Mdogo wangu Emil,

Mimi mzima. Joto lipo, mwambie wifi, na asante kwa kuuliza.

Senti kumi na tisa nimezipokea. Adolf naye amepokea, atapanda robo ya shamba lake kwa hizo. Alikuja na mke wake wakaniletea mayai, wakazungumza habari za mvua. Wanakusifu sana mjini. Wanasema Emil wa kina Kovarik hakumpendelea hata dada yake. Nawaitikia, kwa sababu ni kweli. Ulitenda haki, na siku hizi sioni wengi wanaotenda haki ikiwagharimu wao au watu wao.

Umeomba kuja. Nimekaa na ombi lako siku tano.

Ukipanda kihenge kingine, hata kiwe na kila nilicho nacho ndani, ukakuta mbao, nyamaza vilevile. Usinipigie simu. Usininong'oneze. Waache watu wako wasaini amri yao, na mimi nifungiwe pamoja na wengine. Hilo nimekusamehe, wala si msamaha, nakubaliana nawe.

Lakini ungebaki hotelini Jumapili ile. Ungesema unaumwa, nami ningekuletea supu mlangoni nikaondoka. Ulikaa. Ulinitazama nikikupakulia, ukaniacha nizungumze malori yangu, ukasogeza sahani.

Usije, Emil. Bado.

Dada yako,
Libuse