Bariere tunapita kwa miguu

Siku ya Mungu, kisha misa. Mvua ilinyesha Butembo tangu asubui, sasa imekatika. Mutoto yangu Masika analala, vidole viwili ndani ya kinywa. Roho yangu haina huzuni, haina furaha. Iko ngumu tu, na nataka kuandika mbele aamuke.

Siku ya ine iliyopita nilisema uongo mbele ya batu wengi.

Honorable wetu, ule mama tulichagua atuwakilishe Bunge kule Kinshasa, amerudi kwetu kwa mapumziko ya Bunge. Alituita ndani ya salle ya paroki, sisi bamama benye tunauza samaki ya Kyavinyonge, kule ku ziwa. Alisema anatayarisha sheria juu ya magari ya kubeba batu, ili mutu akitoka kwake afike muzima. Mbele ya kuandika, anataka kutusikiliza. Akafungua kaye yake ya kuandika, akauliza: nani kati yenu anasafiri juu ya mizigo?

Hakuna mutu alinyanyua mukono.

Na wote tunasafiri juu ya mizigo! Tunapanda kamyo, tunaikala juu ya vikapo vya samaki, tunashika kamba. Lakini Mama Paluku alikuwa amesimama ku mulango wakati tunaingia. Yeye njo mukubwa wetu, njo alinifundisha hii kazi. Alituambia: "Mwenye kunyanyua mukono, siku ya tatu, siku yetu ya kamyo, atapandisha ule mulima wa kutoka ziwa na samaki ku kichwa. Kamyo haitamubeba tena." Tulicheka. Mimi pia nilicheka.

Kisha Honorable akamuona Masika ku magoti yangu. "Na wewe, mama ya katoto, unasafiri namna gani?"

"Ndani ya kabine, Honorable. Pembeni ya shofere."

Mutu moja nyuma akakohoa. Honorable akaandika. Niliangalia bic yake inatembea, nikaona uongo yangu inaingia ndani ya kaye, nikajua itapanda ndege naye mpaka Kinshasa.

Donc niseme hapa namna tunasafiri kweli.

Karibu na bariere ya maaskari shofere anapiga honi mara mbili. Hapo tunashuka, juu maaskari bakiona batu juu ya mizigo banamulipisha shofere. Tunapita mbele ya maaskari kwa miguu, polepole, kama batu benye banatoka shamba, na kamyo inapita na mizigo tu. Kisha kona, shofere anapunguza mwendo ili tupande tena. Anapunguza, hasimame. Akisimama, maaskari bataona. Tunapanda kwa nyuma, tunashika kamba, moja moja, na gari iko inatembea.

Mwezi uliopita nilikuwa na mguu moja juu, ingine ingali inatafuta, Masika ku mugongo. Kamyo ikaongeza mwendo. Kitenge ikalegea. Nikasikia mutoto anateremuka, na mikono yangu yote miwili iko ku kamba. Mama Paluku, mwenye alikuwa ameisha kupanda, akamushika Masika ku nguo, akamuvuta juu kama kuku. Njia yote alinichekesha: "Huyu ni wangu sasa. Wewe uzae ingine."

Nilicheka mpaka nyumbani. Kisha nikamuogesha Masika, nikafunga tena ile kitenge, nikavuta fundo mara tatu.

Sikumwambia baba yake. Nilimwambia siku ya ine, kisha ile mukutano, pamoja na uongo yangu. Nikamwambia nitaenda Beni kurekebisha, Honorable atapita kule. Akasema: "Ulidanganya mbele ya Honorable, sasa unaenda kusema ukweli mbele yake. Batakufunga kwa yote mbili." Kisha akamuchukua Masika ku mikono. "Enda. Nitabaki naye."

Jana, siku ya posho, nikapanda taxi ya Beni. Honorable alikuwa na mukutano ingine kule Beu, ndani ya Beni, na kesho, siku ya kwanza, anapanda ndege ku uwanja wa Mavivi. Nilingoja zamu yangu. Mimi sikusoma mingi, niliachia ku mwaka wa sita ya primaire, na mbele yangu kulisimama mwalimu mwenye Kifaransa ya kupendeza. Zamu yangu ikafika. Nikasema: "Honorable, mimi njo ule mama wa kabine. Nilidanganya."

Nikaeleza yote. Honi, bariere, kona.

Hakukasirika. Alirudisha kurasa za kaye, akapata fasi yangu, akaangalia. "Nilikuwa nimeandika askari akatae kila kamyo yenye batu juu, atoze faini," akasema. "Nikiacha vile, mutafanya nini?"

"Tutashuka mbali zaidi."

Salle ikacheka. Yeye hakucheka. Nikaongeza: "Honorable, ku bariere hatuanguke. Tunaanguka penye tunapanda tena."

Aliweka bic chini. Kisha akaichukua tena, akakata musitari juu ya ile aliandika. Akasema kukataza peke yake haitoshi. Siku za soko inafaa gari ya batu, yenye viti, yenye inasimama penye batu banapanda. Na mwenye gari ajibu kama shofere anaondoka mbele batu baikale. Hakuniahidi kama itapita. Aliniambia wazi: "Mama moja, kule Bunge bataniambia ni mama moja. Nitumie majina."

Nilirudi Butembo na hiyo neno ndani ya kichwa. Majina.

Leo kisha misa niliandika karatasi. Maneno machache, namna tunapita bariere na namna tunapanda tena, na jina yangu chini. Nikapeleka kwa Mama Paluku ili aweke jina yake pia. Alikuwa anachagua maharagi ku lungo. Habari ilikuwa imefika mbele yangu.

"Njo wewe ulienda kutuuzisha Beni?"

"Hapana, mama."

"Siku ya tatu utapanda nini?"

"Sijue."

"Na mimi? Na miguu hizi?"

Nikamwambia tu ile ilikuwa ndani ya roho: "Mama, ile siku ulimushika Masika ku nguo. Kama mikono yako ilikuwa imejaa?"

Alitoa mawe ndogo ndani ya maharagi, akatupa moja, ingine moja. Kisha akanyoosha mukono, akachukua karatasi, akaikunja mara ine, akaiingiza ndani ya blauzi. "Nitasoma," akasema.

Mama Paluku hajue kusoma. Mais hakunirudishia.

Niko na woga. Shofere anaweza kuniacha, na bila samaki nyumba yetu itasikia njaa mbio sana. Najua. Lakini siwezi tena kumufunga Masika ku mugongo na kujifanya sikuona ile kona.

Siku ya tatu asubui mapema nitakuwa penye kamyo inapakia, na karatasi ingine mukononi, fasi ya majina ya bamama bengine ingali wazi.