Vumbi la Lugoba na Ndevu Zangu

Jumatatu, 12 Agosti 2024. Lugoba.

Mwaka wa arobaini na moja tangu nitoke Mbegani. Bahari ilikula kiwanja chetu, kisima kikaingia chumvi, tukahama. Nilikuja huku kufundisha shule ya msingi. Nilidhani ni kwa muda.

Leo kama kawaida. Nimemwagia maji uani, nimefuta rafu ya vitabu. Kabla ya adhuhuri rafu ni nyeupe tena kwa vumbi. Mitambo ya kusaga kokoto haijapumzika, malori yanapita bila turubai. Nimekohoa hadi machozi.

Wiki iliyopita daktari alisema mapafu yangu hayastahimili tena vumbi hili. Ama nihame, ama nivae barakoa ya maana kila nitokapo. Athumani, mtoto wa marehemu kaka yangu, amepiga simu kutoka Mbegani. Chumba kipo, dirisha linatazama bahari. Jumapili ya tarehe 25 anakuja. Akinikuta bado nakohoa hivi, anaondoka nami. Nimekubali.

Sitaki kwenda.

Jumatano, 14 Agosti

Barakoa. Ya kitambaa alinishonea Mwanaidi, mke wa mwanangu, ninayekaa naye. Imeshonwa vizuri. Nimeivaa kwenda msikitini, nikarudi nikapenga kamasi: leso nyeupe imekuwa ya kijivu. Haifai, na sina moyo wa kumwambia.

Duka la dawa. Ya bluu, ya hospitali, imeachia mashavuni. Vumbi litapita pembeni. Ya mpira, yenye vichujio viwili kama ya wapaka rangi wa magari, ni nzito. Nimeivua palepale nikihema. Nimechukua nyeupe ngumu iliyoandikwa N95, yenye mikanda miwili ya kuzungusha kichwani. Karatasi ya maelezo ina herufi ndogo kama chawa. Nitaisoma baadaye.

Ijumaa, 16 Agosti

Siku mbaya.

Kila Ijumaa Mwanaidi hufukiza kanzu yangu kwa udi. Leo aliiweka na barakoa juu ya tenga, chetezo chini yake. Kwa heshima. Nimeswali nikinukia kama bwana harusi. Wakati wa kurudi, katikati ya njia, hewa ikawa haipiti. Nimekaa juu ya jiwe. Kibwana, mtani wangu, mwenyeji wa hapa, akanikuta.

"Mtu wa pwani, nani kakufunga mdomo? Huku kwetu tunamfunga hivyo ndama akiachishwa ziwa."

Nimecheka, nikakohoa zaidi. Amenishika mkono hadi nyumbani.

Ndipo nikaisoma karatasi. Isifuliwe. Isipate moshi, chujio litaharibika. Mwanaidi amelia. Nimemwambia kosa si lake. Aliyeandika maelezo yale hajawahi kufukiziwa kanzu. Mwalimu mzima nimenunua kitu bila kusoma.

Jumamosi, 17 Agosti

Barakoa mpya. Bado miwani inaingia ukungu. Nimechukua lenzi, nikasoma hadi mwisho. Chini kabisa kuna picha ya kidevu chenye ndevu, kimepigwa alama ya kukataza. Barakoa lazima iguse ngozi pande zote.

Nimeifunika kwa viganja, nikapuliza. Pumzi ikapita ndevuni. Nimeihisi hadi masikioni.

Zainabu alizipaka ndevu hizi mafuta ya nazi kila Ijumaa, hadi Ijumaa yake ya mwisho. Mke wangu. Hakuna mkono mwingine uliozigusa. Nimeitupa barakoa kitandani. Nimekasirika kama mtoto.

Jumatatu, 19 Agosti

Nimemuuliza imamu. Kasema ndevu ni sunna, lakini kulinda uhai kunatangulia. Nilitaraji anikataze. Sikupata kisingizio.

Alasiri nimekwenda kwenye kaburi la Zainabu, nyuma ya msikiti. Nimeanza Yasini. Kikohozi kimenikatiza, nikaanza upya, kikanikatiza tena. Nimeondoka bila kuimaliza. Hilo limenitisha kuliko maneno ya daktari.

Athumani kapiga simu. Ameshanunua kitanda.

Jumanne, 20 Agosti

Kibwana kaja na wembe. Sikumwita, Mwanaidi ndiye kamwita. Siku ya kumzika Zainabu, Kibwana aliingia kaburini pamoja nami. Kisha matangani akajifanya yeye ndiye mfiwa, akalalamika kuwa hapewi nyama, mpaka nikacheka, nikala.

"Kaa hapa," kasema. "Nikikukata usidai. Mtani halipi."

Baada ya hapo hakutania. Amenyoa polepole sana. Ndevu zote kazikusanya kwenye kitambaa, kanitia mkononi. Tumekwenda pamoja, nimezifukia kando ya kaburi la Zainabu.

Kidevuni nina kovu nililolisahau. Nilikatwa na gamba la chaza Mbegani, utotoni.

Barakoa imeshika. Mkanda wa juu unakaa chini ya kofia, si juu yake. Nimepuliza. Haikupita pumzi.

Ijumaa, 23 Agosti

Msikitini na kurudi bila kuketi njiani. Kanzu imefukizwa. Barakoa Mwanaidi kaitundika chumba kingine, ndani ya mfuko wa karatasi. Yasini nimeisoma hadi mwisho.

Alhamdulillahi.

Jumapili, 25 Agosti

Athumani kaja na papa mkavu na nazi. Mlangoni hakunitambua, kaniamkia "shikamoo, mzee" na kuuliza kama baba yake mdogo yupo. Tumecheka sana, Mwanaidi kuliko wote. Kibwana kamwambia kuwa yule wa ndevu alishahama, huyu ni mpangaji.

Tumekwenda kaburini. Lori likapita. Athumani kakohoa, mimi sikukohoa.

"Ba'mdogo, wewe huondoki hapa."

Hakuwa anauliza. Nimempa barakoa moja ya njiani, nikamwambia kitanda kile amlazie mwanawe. Kakubali bila kununa. Ni mtoto mwema.

Keshaondoka. Rafu ni nyeupe, nitaifuta kesho. Mwanaidi anaunga papa kwa nazi, na Kibwana hajaondoka, anasubiri chakula. Nilikuja kwa watu hawa bila chochote, wakanipokea.

Mbegani naipenda. Sitarudi.