Mate ya Rahma

Kaka yangu Suleiman,

Assalaam alaykum warahmatullah. Natumai afya unayo, na wifi yangu Mwanaisha anayo, na mikarafuu iliyobaki ingali imesimama. Mimi huku Uswidi mwili ni mzima na baridi tumezoeana, roho ndiyo iliyovimba. Barua hii nimempa mtu anayekuja Mtambile na nimemwambia asiitie gundi. Atakayeipokea kabla yako na aisome, tena kwa sauti.

Kazi yangu unaijua. Humu maabara tunasoma vinasaba, ule urithi ambao kila kiumbe huupokea kwa wazazi wake: leo popo, kesho mgomba, keshokutwa samaki ambaye hata jina lake silijui. Popo wetu wa Pemba wanamjua hapa kuliko wanavyoijua Pemba yenyewe. Nilipokuja likizo wewe mwenyewe uliniomba nikupimie majani ya mikarafuu, maana inakauka mmoja baada ya mwingine. Na dada yetu Shemsa wa Wete, ambaye bado anamlilia mwanawe Salum, aliniomba nimpimie watu, kwa kuwa umeshatangaza kwamba binti yako Rahma utamwoza Nassor, mwanawe mwingine. Nikakuachia vichupa vya majani na vya mate, ukavikusanya, ukaniletea kwa mkono wa msafiri.

Nianze na majani, maana hayo uliyafanya vizuri. Kila jani na mti wake, umeandika "wa kisimani", "wa nyuma ya choo", hata moja halikuchanganyika. Majibu ni kuwa mikarafuu yako yote ni ndugu wa tumbo moja. Babu alipanda miche ya mti mmoja aliousifu, baba akapanda ya hiyo hiyo, nawe ukafuata. Ugonjwa ulioujua mlango wa mmoja umeshaijua milango yote.

Sasa mate. Kijana wa chumba cha pili, wanakosoma vinasaba vya watu, alinijia huku anacheka, akaniuliza kama binti wa kaka yangu ana ndevu. Kichupa kilichoandikwa Rahma kina mate ya mwanamume, na mwanamume huyo ndiye yule yule wa kichupa cha Suleiman. Nikacheka naye, kisha nikaenda chooni nikalia kwa hasira. Ndipo nilipokupigia simu, na uliyonijibu bado yamo masikioni mwangu:

"Mate ya ntoto wangu, mwari, yende kwa watu n'siowajua? Wayasomee nini huko? Mie babake nimetema, yatosha. Damu si moja?"

Nikakuuliza, na ya mamake je? Ukasema, "Zuwena, Ulaya imekutoa haya," ukakata simu.

Uliogopa uchawi. Hilo nalielewa, hata mama alikuwa akizifukia nywele zetu. Lakini jani la mkarafuu hukulitia badala ya jani la mwenzake. Mti wa nyuma ya choo ulipata haki yake. Binti yako ukamtemea.

Na mate yako hayakwenda bure. Unabeba sikoseli, kaka, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Huumwi wala hutaumwa, umebeba nusu tu, kama alivyobeba Shemsa, na kama alivyobeba mumewe, mtoto wa ami yetu. Nusu zao hizo mbili zilikutana kwa Salum. Nassor naye amebeba. Rahma huenda amebeba, huenda hakubeba, na kwa sababu yako mimi sijui. Akiwa amebeba, kila mimba yake kwa Nassor itakuwa na fungu moja katika manne la kuzaa Salum mwingine.

Unamkumbuka Salum? Nakukumbusha kusudi. Mifupa ilipomshika alikuwa akiuma kanga ya mamake ili wageni barazani wasimsikie. Macho yamegeuka manjano kama bizari, wewe unamletea kombe, aya zilizooshwa kwa maji, anywe, na kusema ni jini. Mtoto wa watu akanywa, akakushukuru.

Na mwalimu Faki wa Pujini alipokuja kumposa Rahma, akakuomba kwa adabu kwamba kabla ya yote wapimwe damu, ulimjibuje? Wifi alinisimulia. "Weye si kufu yetu, na mwanangu hana maradhi." Kijana anasali, anasomesha, hana neno na mtu, kosa lake babake anatafuta pweza na nasaba yake haina Mwarabu. Kuhusu huo Uarabu unaoupigia kifua, mate yako yamesema nao. Niulize siku moja mbele ya watu, nitakujibu mbele ya watu.

Ninalotaka ni dogo. Mpeleke Rahma hospitali Chake atolewe damu, yeye mwenyewe, usije ukanyoosha mkono wako badala ya wake. Akionekana hakubeba, mwoze Nassor, nami nitakuja kupiga vigelegele. Akionekana amebeba, harusi ivunjike, hata kama mbuzi wameshafungwa uani. Nassor nimeshamwambia, amekubali kungoja. Anayeogopa ni wewe peke yako, na unachoogopa ni kusemwa.

Nisalimie wifi Mwanaisha, mkumbushe kuwa Rahma ni mwanawe pia. Nisalimie dada Shemsa, na shangazi yetu Bi Time na kuku wake. Rahma mpe mkono, mwambie mimi shangazi yake nauliza kama yeye ameulizwa. Na Salum nisalimie. Kaburi lake unalijua, ndiwe uliyeshuka mwanandani kumlaza. Ukifunga nikaha hii bila ya kipimo, waambie wachimbaji waache nafasi ubavuni kwake. Atakayelala hapo atakuwa akikuita babu.

Ni mimi, mdogo wako wa ziwa moja,

Zuwena